Kidoti Hakulia

Kitogani, Unguja
Alkhamisi, 24 Julai 2025

Kwa Dada yangu Tahiya,

Shikamoo dada. Kabla ya yote nakuulizia kifua chako, maana salamu nyingine zinaweza kusubiri na hiyo haiwezi. Je, unapanda ngazi bila kupumzika njiani? Usingizi unaupata? Shemeji Shamsi hajambo, na watoto je, bado wanakukimbiza na madaftari yao ya skuli? Sisi huku tu wazima wa viwiliwili, tunamshukuru Mungu. Mama magoti yake ni yale yale, na ukimwambia apumzike anakwambia atapumzika kaburini. Masika yalikuwa mazuri, muhogo umestawi, na kima punju wa Jozani wameingia tena mashambani wanakula vidaka vya minazi ya watu. Watu wanakuja kulalamika kwangu, kana kwamba daktari wa mifugo ndiye baba mzazi wa kima.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Simu nimejaribu mara tatu. Mara zote umepokea, na mara zote nimekuuliza habari za joto la Maskati, kisha nikaaga. Ujumbe nao wanao huusoma kabla yako. Basi Bi Mwamvua, jirani yangu wa kule mjini Kikwajuni, anasafiri Jumamosi kuja kwa binti yake, na nimemwomba akukabidhi barua hii mkono kwa mkono. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na uwe umekaa.

Juzi shemeji alinipigia. Aliniambia kwamba wiki ya pili sasa umeacha kumeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Akikusihi, unamjibu kuwa uhai wako umekombolewa kwa roho ya mdogo wetu Masoud, na kwamba wewe uhai wa namna hiyo huutaki. Dada, mimi ni daktari wa ng'ombe tu, lakini hata daktari wa ng'ombe anajua kuwa mtu aliyetiwa kilango cha chuma moyoni hawezi kucheza na vidonge vile. Mwezi mmoja unatosha kukuua. Nakuandikia ili uvimeze. Kukwambia umeze bila kukwambia sababu najua hutanisikiliza, wewe tangu utotoni hukusikiliza mtu. Basi nitakupa sababu, japo inanigharimu uso wangu wote mbele yako.

Nianze na nadhiri, ingawa sehemu yake unaijua. Mwaka jana, asubuhi ile ulipoingizwa kupasuliwa, mama alikuwa zizini. Kidoti alikuwa bado ndama wa mwaka na kitu, na lile doa lake jeupe usoni kama alama ya kidole kilichochovywa chokaa. Mama alimshika kichwa, akasema mbele yangu na Masoud: "Mwenyezi Mungu akinirejeshea Tahiya wangu, huyu huyu nnamchinja Idd Kubwa." Alisema huyu huyu. Nakuomba uyakumbuke maneno hayo mawili, nitayarudia.

Ukatoka salama. Idd ya mwaka jana ilipofika, Maalim Borafya, ambaye ndiye imamu wetu mpaka leo, akasema ng'ombe wa udhhiya lazima awe ametimiza miaka miwili, na Kidoti alikuwa bado. Akamwambia mama asubiri mwaka. Mama akasubiri, lakini roho haikumtulia. Alimlea Kidoti kwa maganda ya ndizi, muhogo na pumba za mpunga, mpaka akawa anamfuata kisimani kama kuku anavyomfuata mwenye mtama. Masoud alimpeleka malishoni kila alfajiri kabla ya kwenda msituni kuwatembeza wageni wake. Sisi wawili tulikuwa tukimtania mama kuwa siku ya kuchinjwa ng'ombe huyu atamlilia kuliko alivyotulilia sisi jandoni. Mambo ya kuchekesha hayo, wakati ule.

Hapa lazima nikueleze kidogo kazi yangu, maana bila ya hivyo hutaelewa yanayofuata. Maumivu, dada, ni habari. Kwato ikikanyaga msumari, habari hiyo hupanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na hapo ndipo mnyama anapouinua mguu. Dawa ya ganzi, ambayo sisi tunaiita lignokeni, haitibu kitu. Inaukalia mshipa pale ulipodungwa, na habari haipiti. Jeraha lipo, damu ipo, mfupa uliopasuka upo, ila mwenyewe hana habari. Kwa saa moja, pengine mbili, hajui. Kisha damu huichukua ile dawa kidogo kidogo, na maumivu yote yanamrudia.

Ni dawa ya rehema, sikatai. Kwa dawa hiyo nimempasua ng'ombe wa Bungi ubavuni akiwa amesimama wima, nikamtoa ndama aliyekwama, na yeye anatafuna majani yake kama hayamhusu. Nimekata pembe zilizooza, nimeshona punda aliyechanwa na bati. Kwa mbuzi mchanga ina hatari yake, kwani ukizidisha kidogo tu anashikwa na kifafa akafa mikononi mwako, ndiyo maana tunapima uzito wake kwanza na dawa tunaizimua. Dokta Khairat, aliyenifundisha kazi kwa miaka sita, alikuwa na neno moja kwa wanafunzi wote. Alisema anayemwondolea mnyama maumivu amemwondolea mlinzi wake, basi yeye ndiye akae mlangoni mpaka mlinzi arudi. Mguu uliotiwa ganzi hautembelewi. Mnyama hafungwi gari, hashushwi mteremko, anawekwa bandani mpaka dawa imtoke. Neno hilo nimelisikia mara nyingi hata nikawa namwigiza sauti Dokta Khairat na wenzangu wakacheka.

Siku kumi na moja kabla ya Idd ya mwaka huu, Kidoti alirudi malishoni anachechemea mguu wa mbele wa kulia. Masoud alisema aliutumbukiza kwenye tundu la jiwe kule uwandani. Mama aliketi chini zizini, akashika kichwa. Unajua kama anavyojua kila mtu kuwa mnyama kilema, ambaye kilema chake kinaonekana, hafai kwa udhhiya. Kwa mama haikuwa habari ya ng'ombe. Aliamini kwamba nadhiri ikivunjika, alichopewa atanyang'anywa. Alinishika mkono, akaniuliza kama usiku ule umepiga simu, kama sauti yako ilikuwa nzuri. Alikuwa anatazama mguu wa ng'ombe na anakuona wewe.

Nikamkagua Kidoti. Kwatoni hamna msumari, hamna usaha. Juu ya kifundo palikuwa na joto kidogo. Tuna njia yetu ya kutafuta mahali pa maumivu: unaanza chini, unatia ganzi, unamtembeza hatua chache mnyama mahali tambarare. Akiendelea kuchechemea unajua si hapo, unapanda juu. Nilipoidunga karibu na kwato, hakubadilika. Nikapanda mpaka chini ya goti, nikangoja dakika kumi, na Kidoti akauweka mguu chini akatembea sawasawa kama si yeye. Hapo nikajua ugonjwa uko kati ya goti na kwato, yaani ama kifundo kimeteguka ama mfupa wa juu yake una ufa. Mashine ya kupiga picha mfupa wa ng'ombe huku hatuna. Nikajiambia kimeteguka tu.

Nilikuwa naichukua kamba nimfunge, mama akatoka kisimani na ndoo kichwani. Alimwona Kidoti anatembea. Akaitua ndoo, akapiga vigelegele, akalia: "Kapona! Mwanangu kamponya!" Akanishika mikono akaibusu yote miwili, kisha akasujudu palepale kwenye udongo wa zizi. Neno nilikuwa nalo mdomoni, dada. Mama, hajapona, ni ganzi tu. Maneno machache kabisa. Nikaona haya kumwinua mama kwenye sijda kumwambia kuwa anashukuru bure. Hata alasiri haijaadhiniwa, Kitogani nzima ilikuwa imesikia kuwa mtoto wa Bi Saadiya kamponya ng'ombe kwa sindano moja. Wanaume barazani walinisogezea kiti. Wewe unanijua, mimi nikisifiwa huwa nakunja shingo kama jogoo.

Kesho yake Kidoti alichechemea tena. Nikamwambia mama kuwa dawa inataka mapumziko, asitolewe bandani mpaka siku yenyewe. Nikamfunga na kumpelekea majani mwenyewe. Akapata nafuu kidogo, si nyingi. Mama hakuingia tena kumtazama mguu. Kwake yeye lilikuwa limekwisha.

Siku ya Idd unaijua kwa ulivyoiona kwenye simu, lakini simu haikuonyesha yote. Tulirudi kusali, watu wamevaa, takbira bado zinasikika msikitini. Kidoti alitoka bandani anatembea wima. Masoud alishika kamba mbele, kanzu nyeupe na kofia yake ya zamani, kwa sababu ile mpya mama alikuwa hajaimaliza. Mimi nyuma, mama nyuma yangu pamoja na wanawake wa jirani, na khanga yake mpya. Dada, sijapata kumwona mama na furaha kama ile tangu baba alipokuwa hai.

Pale njia inapoteremka pembeni ya kitalu, ule ukuta wa mawe wa shamba la Mzee Mcha, mchinjaji wetu, Kidoti alikanyaga jiwe. Mguu ulikatika kwa sauti ya kuni mbichi. Akaanguka upande, akambana Masoud na kitalu. Tulimkimbilia. Na hapo, dada, ndipo lilipotokea lile ambalo watu mpaka leo wanalisimulia kwa kunong'ona. Ng'ombe aliyevunjika mguu hulia hata kijiji cha pili wakasikia, na hainuki tena pale alipoanguka. Kidoti hakulia. Aliinuka. Akaukanyagia ule mguu uliokatika, mfupa ukachomoza nje ya ngozi, na yeye anausimamia, anageuza shingo kulifuata jani kwenye kitalu. Kisha mguu ukamwishia kabisa, akaanguka mara ya pili, juu ya Masoud, kwa uzito wake wote. Mara ya kwanza nilisikia Masoud akipiga kelele. Mara ya pili sikusikia kitu.

Wako waliosema ng'ombe alikuwa na shetani. Wako waliosema Mungu alimtuliza maumivu kwa kuwa ni mnyama wa nadhiri. Mzee Mcha alimchinja papo hapo asife mzoga, na aliponishikisha ule mguu niliona mwenyewe: mfupa ulikuwa na ufa wa zamani, umeshika weusi wa damu iliyokauka, na ubavuni pake mvunjiko mpya, mweupe. Nikaamuru azikwe mzima, nyama isiliwe. Watu walinung'unika, maskini walingoja Idd kwa ajili ya nyama ile. Wakasema majonzi yamenitoa akili.

Masoud alifia ndani ya gari kabla hatujafika Tunguu, kichwa chake mapajani mwangu, mama mbele anasoma Yasini. Tulimzika alasiri. Hayo uliyaona.

Tangu siku ile mama ana hadithi moja, na kila mwanamke anayekuja kumpa pole anaisikia. Anasema aliahidi, akachelewesha mwaka mzima, na Mungu kaikataa nadhiri yake, kachukua mtoto badala ya ng'ombe. Kidoti anamlaani kila akimtaja, anasema alimlea kwa mkono wake naye kamuulia mwanawe. Anashona ile kofia ya Masoud. Ilikuwa imebaki mistari mitatu. Anaishona, anaimaliza, anaifumua, anaianza tena. Na wewe kule umeipokea hadithi hiyo kwa simu, ukaigeuza kidogo, ukajiweka wewe ndani yake.

Wiki iliyopita tulimsomea khitma ya arobaini. Watu walipopungua, mama alimwuliza Maalim Borafya jambo. Alisema kabla ya Idd Kidoti alikuwa akichechemea, akapona. Je, lau asingepona, nadhiri yake ingekuwaje? Mimi nilikuwa hapo hapo na sinia la vikombe. Maalim hakufikiri hata kidogo. Akamwambia: "Bi Saadiya, weye ulimtaja yeye mwenyewe, ulisema huyu huyu. Mnyama aliyetajwa hivo akipata kilema pasi na uzembe wako, unamchinja vivo hivo siku yake, na nadhiri yako imetimia. Hata angeburutwa." Mama akasema alhamdulillahi, kwa kuwa kwake lilikuwa swali tu. Mimi nilikwenda uani na sinia langu, nikaketi juu ya kinu.

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu chuoni. Siku kumi na moja nilizipata, na nyumba ya Maalim iko hatua mia kutoka kwetu.

Sasa nalisema, dada, na nakuomba usiiweke karatasi chini.

Alfajiri ya Idd, watu wakijiandaa kwenda kusali, nilikwenda bandani na chupa yangu. Kidoti alikuwa bado anachechemea. Nilimwita Masoud anishikie kichwa cha ng'ombe. Nikaidunga chini ya goti, pande zote, dozi ya kutosha saa mbili, nikapiga mahesabu na hotuba ya Idd humo humo, ili atembee wima mbele ya watu mpaka kisu. Masoud aliniuliza: "Kaka, si dhambi hiyo?" Nikamwambia hapana, ni kumwonea huruma tu asiumie njiani. Aliniamini. Masoud mimi alikuwa akiniamini hata nikimdanganya kwenye karata. Akasema basi atamwongoza yeye, taratibu, kwa kuwa anamjua mwendo wake.

Kwa hiyo ndiyo maana Kidoti hakulia. Hapakuwa na shetani wala karama. Mnyama mwenye ufa mfupani hauegemei mguu wake, anaulinda, anaruka kwa mitatu. Mimi nilimwondoa mlinzi wake, nikamteremsha kwenye mawe, nikaitia kamba yake mkononi mwa mdogo wangu. Lau angeumia alipoanguka mara ya kwanza, asingeinuka. Asingeinuka, asingeanguka mara ya pili. Masoud angevunjika mbavu tu, pengine. Nyama niliizika kwa kuwa ilikuwa na dawa, nalo hilo sikulisema.

Na moja zaidi, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Ndani ya gari Masoud alifungua macho, akasema kwa sauti ndogo sana: "Kaka, nidunge na mimi." Chupa ilikuwa mfukoni mwangu, nusu yake imebaki. Sikumdunga. Ganzi inafunga mlango mmoja, na yeye alikuwa anaumia mwili mzima, isingemfaa kitu. Hiyo ndiyo sababu ya kidaktari, na ni ya kweli. Lakini alikuwa ananiomba, na mimi nilimwambia anyamaze, mama asisikie. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia Masoud. Nilimwambia anyamaze.

Basi uhai wako haukukombolewa na mtu, dada. Mungu hakuikataa nadhiri ya mama, wala hakubadilisha mtoto kwa ng'ombe. Ulipona kwa sababu ulipona. Masoud alikufa kwa sababu mimi niliona haya kusema neno moja mbele ya mama aliyesujudu, kisha nikaona haya mara ya pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha ya mwingine, na kifo kikamchukua mwingine. Ukitaka wa kumchukia, nipo. Kujichukia wewe huna haki nayo, na vidonge vyako huna sababu tena ya kuviacha.

Kesho baada ya sala nitamwambia mama. Bahasha sitaifunga mpaka nimwambie, nisije nikakutuma wewe ubebe peke yako.

*

Ijumaa

Dada, nimemwambia.

Alikuwa uani juu ya mkeka, na kofia yake. Nilimweleza yote, kuanzia zizini mpaka ndani ya gari. Hakuacha kushona. Nilipomaliza aliniuliza kama sindano ile inauma ikiingia, nikamwambia inaunguza kidogo. Akaniuliza hudumu muda gani, nikamwambia saa moja, saa na nusu. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akanitolea kidole cha shahada, kile chenye sugu, kinachoipokea sindano chini ya kitambaa. Akaniambia nimdunge.

Nilikataa. Nilimwambia mimi ni wa wanyama, sina ruhusa ya kumdunga binadamu. Akanijibu kuwa hata alfajiri ya Idd sikuwa na ruhusa. Nikaleta mkoba. Nilichukua ile chupa ya ganzi peke yake, maana ile iliyochanganywa na dawa ya kubana mishipa ya damu haitiwi kidoleni, nikamdunga kidogo kidogo pande mbili za shina la kidole.

Tukaingoja dawa ishike. Kisha akaichukua kofia, akaendelea kushona huku ananitazama mimi usoni. Alishona kitundu kimoja, cha pili, cha tatu. Mimi ndiye niliyeona kitambaa kinabadilika rangi. Nikamwambia: "Mama, unatoka damu." Akainua kidole, akakitazama kama cha mtu mwingine. Sindano ilikuwa imemwingia mara nyingi na imesimama humo humo. Akaichomoa, akaichomeka tena kwa kusudi, akangoja. Kisha akasema: "Kumbe hakujua. Maskini, kumbe hakujua." Alikuwa anamsema Kidoti. Siku zote hizi alikuwa akimlaani.

Nilitaka kumshika miguu nimwombe radhi. Akaurudisha mguu wake chini ya khanga. Akaniambia: "Saa hizi sisikii kitu, na mtu asiyesikia hasemi na mtu. Wacha itoke. Ikitoka ntakwita."

Ndipo nikaingia ndani, na hapa nilipo namalizia barua yako. Kwa Maalim Borafya nitakwenda leo baada ya alasiri, na Mzee Mcha naye atajua, na Dokta Khairat. Kuhusu damu ya Masoud, Maalim akiniambia nifunge miezi miwili mfululizo nitafunga, akiniambia jingine nitafanya jingine. Mara hii nitauliza.

Nisalimie sana shemeji Shamsi, mwambie nashukuru kwa kunipigia simu. Watoto wabusu, wala usiwaambie kitu mpaka wakue. Bi Mwamvua akifika mkaribishe chai, ana miguu mibovu naye kwako kuna ngazi. Na wewe, kabla hujalala leo, maji nusu bilauri na kidonge kimoja, kisha kesho tena. Silo ombi la daktari. Mama amebakiwa na watoto wawili, na mmoja wao ni mimi.

Saa moja na robo imepita tangu nimdunge. Bahasha naifunga sasa hivi, kabla sijamwendea, nisije nikapunguza neno baadaye. Namsikia uani anavuta pumzi kwa meno, mara ya kwanza tangu tuzike. Sasa anaita jina langu. Nimeitika naam.

Mdogo wako,
Ubwa